Mjadala: Nakshi ya kofia ikihamia kwenye picha, mshonaji alipwe?

Hoja: mchoraji wa Bagamoyo akihamisha nakshi ya kofia ya viua kwenye picha ya kuuzia watalii, ana deni kwa fundi kofia?

Fundi kofia, Dunda: Analo. Watu hudhani kiua ni nukta, kumbe ni tundu. Unapanga vitambaa viwili vya pamba, unachora nakshi kwa penseli, unatoboa kwa sindano nene inayosukuma nyuzi kando bila kuzikata, kisha unazungushia mdomo uzi, mishono ibanane. Ukikata kwa mkasi, kofia ikifuliwa na kuvalishwa foroma (kalibu ya kuinyooshea) mara mbili tatu, tundu linafumuka. Ukivuta uzi mno, kitambaa kinakunjamana. Halafu ipo hesabu: kichwa cha sentimita 56, ua la sentimita 7, yanaingia 8 kamili. Ua la sentimita 6 yanaingia 9, zinabaki sentimita 2 wazi, na hapo hata asiyejua kushona ataona. Hesabu hiyo mchoraji anaibeba bure.

Mchoraji, Magomeni ya Bagamoyo: Haibebi, maana haihitaji. Ua likikatika ukingoni mwa picha hakuna ubaya. Nukta ya rangi ninayochorea kiua ina taabu zake: ukiiweka kabla rangi ya chini haijakauka, inatanuka, ukizidisha thina, ile ya kulainishia rangi, inachuruzika. Isitoshe, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru na mwanzilishi wa mtindo wa picha unaoitwa kwa jina lake, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli. Nukta zake alimkopa fundi kofia yupi?

Msoma sheria: Kufanana si kurithi, hapo nakubali. Ila Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda pia sanaa za jadi. Ua linaloshonwa na kila fundi ni la jamii, hakuna mmoja wa kulidai. Nakshi aliyoibuni fundi mwenyewe ni suala jingine.

Mchoraji, Magomeni: Na nani atazitofautisha?

Fundi kofia, Dunda: Mafundi. Hesabu viua vya ua moja kwenye picha, tazama vilivyopangwa, weka kofia pembeni. Vikilingana vyote na ua lililobuniwa na fundi anayejulikana, umenakili.

Mchoraji, Magomeni: Nikipunguza kimoja?

Fundi kofia, Dunda: Ua halitafunga.