Kutoka Marrakech hadi Fes kwa siku tatu kupitia milimani na jangwani: je, mzazi mwenye umri mkubwa atastahimili?

Mwalimu wa Tanga

Assalamu alaikum, na salamu kwa ndugu wote wa jukwaa hili. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, na likizo ya Desemba, Mungu akipenda, nitampeleka mama yangu Moroko, safari ambayo ameitamani tangu alipostaafu. Tutafikia Marrakech na tutaondokea Fes, na katikati tuna siku nne zisizo na mpango.

Ndugu yetu mmoja anashauri tupande treni inayopitia Casablanca, ambayo huchukua takriban saa saba, kisha siku zinazobaki tupumzike. Moyo wangu lakini uko kwenye ile ziara ya siku tatu inayovuka milima ya Atlas, ikalala usiku wa kwanza bondeni na wa pili kwenye mchanga wa Merzouga, halafu ikamalizikia Fes. Miji hiyo miwili ilitajirika kwa misafara iliyovuka jangwa na milima, na naona kuiona miji bila kuiona njia ni kuacha nusu ya habari.

Wasiwasi wangu ni kwamba mama ana miaka 69, magoti yanamsumbua, na barabara za kona nyingi kama ile ya kupanda Lushoto humtia kichefuchefu. Pia wakala niliyewasiliana naye anataka fedha zote kabla hatujafika. Je, hiyo ndiyo desturi?

Niliyesoma Fes

Wa alaikumu salaam, Mwalimu. Niliishi Fes miaka minne ya masomo, na njia hiyo nimeipita mara tatu, kwa hiyo nitakueleza nilichokiona.

Siku ya kwanza ndiyo ya kona. Mkiondoka Marrakech saa moja asubuhi, barabara hupanda hadi kipito cha mlimani cha Tizi n'Tichka, mita 2,260 juu ya usawa wa bahari, na ingawa imepanuliwa sehemu nyingi, mwenye kichefuchefu ataihisi. Mama aketi kiti cha mbele, ale kidogo tu asubuhi, na dereva aambiwe tangu mwanzo kwamba mtasimama kila mtakapohitaji. Kwa kuwa mnakwenda Desemba, jueni pia kwamba theluji huweza kuifunga njia hiyo kwa saa kadhaa au hata siku nzima. Hizo siku nne zenu basi zitumieni hivi: tatu za njiani, na moja ya akiba kabla ya ndege. Msiipunguze hata kidogo.

Mkishuka upande wa pili, ardhi hubadilika kuwa kavu na nyekundu, na mtafika Ait Benhaddou, kijiji chenye kuta za ngome kilichoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987. Nyumba zake ni za udongo ulioshindiliwa pamoja na majani makavu, na ukiusogelea ukuta utayaona majani yenyewe yaking'aa ndani ya udongo kama nyuzi. Aliyekulia katika nyumba ya udongo hana haja ya kuelezwa kwa nini ndani kuna ubaridi mchana na joto usiku. Kupanda hadi ghala la juu kuna ngazi nyingi zisizo sawa, kwa hiyo mama abaki chini karibu na mto, ambako ndiko kijiji kinakoonekana vizuri zaidi. Mkipita vijiji vya milimani kumbukeni pia kwamba tetemeko la tarehe 8 Septemba 2023 liliua karibu watu 3,000 katika Atlas, na huenda baadhi ya mtakaonunua chai kwao walifiwa.

Siku ya pili ni nyepesi: makorongo ya Dades na Todra, ambako kuta za mawe hupanda zaidi ya mita 200 juu ya kijito chembamba, kisha mnashuka taratibu hadi Merzouga. Siku ya tatu ndiyo ndefu, karibu kilomita 470. Mtafuata bonde la Ziz lenye mitende, mtapita Midelt, halafu misitu ya mierezi ya Azrou wanakoishi nyani wasio na mikia, na Ifrane, mji ambao mwaka 1935 ulipimwa baridi ya nyuzi 23.9 chini ya sifuri. Mtafika Fes usiku.

Jambo moja ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba dereva si kiongozi wa watalii. Kazi yake ni kuendesha, na hata akiwa mjuzi hapaswi kuwaongoza ndani ya maeneo ya kihistoria. Humo huajiriwa kiongozi wa pale pale mwenye kitambulisho. Ulizeni mapema kama malipo ya kiongozi huyo yamo katika bei au hayamo.

Mama Wawili, Mombasa

Mwalimu, nami nilikwenda na mama yangu, Mungu amrehemu, kwa hiyo swali lako limenigusa.

Kuhusu fedha, usitume zote. Mimi nilizituma zote kwa kampuni moja ambayo sitaitaja, nikaahidiwa kambi iliyo katikati ya vilima vya mchanga, na usiku tukapelekwa kambi nyingine kando ya barabara, yenye mablanketi yenye unyevu, na hapakuwa na wa kumlalamikia kwa sababu fedha zilikuwa zimekwisha kulipwa. Toa arubuni ndogo, na zilizobaki ulipe kwa dirhamu siku ya kuondoka, ukishaliona gari. Waandikie mapema na upate jibu la maandishi: jina la nyumba ya kulala, jina la kambi, idadi ya abiria, na kama chakula cha mchana kimo, maana mara nyingi hakimo. Hakikisha pia kwamba jangwa unalouziwa ni Merzouga, kwenye mchanga wa Erg Chebbi, kwani wengine huuza safari fupi ya Zagora kwa picha za Merzouga, na mchanga wa huko ni mdogo sana.

Kuhusu ngamia, mama yako asipande kama magoti ni mabaya. Ngamia huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza, na mpandaji hurushwa mbele ghafla kabla miguu ya mbele haijanyooka. Asiyeegemea nyuma na kushika chuma cha tandiko kwa nguvu anaweza kuumia, na kushuka ni vivyo hivyo. Kambi nyingi hukubali kumpeleka mgeni kwa gari la kupanda mchanga ukiomba mapema. Mama yangu alitangulia kwa gari, na tulipofika juu ya ngamia zetu tulimkuta ameketi mkekani mbele ya hema, chai ya nanaa mkononi, akitazama vivuli vikirefuka mchangani. Huo ndio wakati wa safari ile ninaoukumbuka kuliko yote.

Usiku wa Desemba jangwani baridi hukaribia sifuri, kwa hiyo bebeni sweta za sufu, soksi nzito na kofia.

Mzee wa Kilwa

Mwanangu Mwalimu, kwa kuwa unafundisha historia, usipite Rissani bila kusimama. Ni mji mdogo karibu na Merzouga, na kando yake yapo magofu ya Sijilmasa, mji uliotajirika kwa dhahabu iliyovuka jangwa kutoka Afrika Magharibi, kama Kilwa yetu ilivyotajirika kwa dhahabu ya Sofala.

Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri mzaliwa wa Tangier aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliondoka Sijilmasa mwaka 1352 kwenda Mali, na mwishoni mwa mwaka 1353 alipita hapo tena akirudi Fes. Safari hiyo ya mwisho aliifanya katika baridi, na katika milima hiyo mnayokwenda kuivuka ninyi alikumbana na theluji ambayo alisema ilikuwa ngumu kuliko aliyoiona Bukhara na Samarkand. Huko Fes, kwa amri ya Sultani Abu Inan, aliyasimulia yote yakaandikwa na Ibn Juzayy. Habari zake za Kilwa, tunazozisoma sisi huku, zilitiwa wino katika mji huo mtakaomalizia safari. Mwambie mama yako hayo mkiwa Rissani, kabla ya safari ya siku ya tatu, na ile njia ndefu haitamchosha sana.

Mwalimu wa Tanga

Nawashukuru kwa moyo wote. Nimeamua tutachukua gari dogo la peke yetu badala ya basi la watu kumi na saba, ili tusimame mama atakapotaka, na nimemwandikia wakala kwamba nitatoa arubuni tu. Shikamoo Mzee wangu; Rissani nimeiandika kwenye ratiba kwa saa mbili. Mama amesomewa majibu yote na ameridhika, isipokuwa anauliza kama alfajiri kambini kuna maji ya moto ya kutawadha.

Mama Wawili, Mombasa

Kambi nyingi zinayo siku hizi, lakini hutoka kwenye tangi na huisha mapema, kwa hiyo usiku kabla ya kulala muombe mpishi akujazieni chupa kubwa ya chai kwa maji ya moto. Mimi niliiweka miguuni pa mama chini ya blanketi, na alfajiri maji yalikuwa bado vuguvugu.