Leseni ya baa ni ya kuuza vileo, au na ya kuninyima usingizi?

JiraniWaMwanga
Wana Kigoma, naomba tulijadili hili kwa uzito. Kati ya ukuta wangu na ukumbi wa baa ya jirani pana uchochoro tu, bodaboda mbili hazipishani. Ijumaa hadi Jumapili spika zinatazama uani kwangu mpaka saa tisa usiku. Mama ana presha, mtoto yuko darasa la saba. Nilimfuata mwenye baa kistaarabu, akanijibu ana leseni na analipa kodi. Nikaenda ofisi ya mtaa, nako naambiwa "si ana leseni?" Mimi sipingi biashara yake. Auze mpaka bia ziishe, ila muziki wake uishie kwenye ukuta wake. Nimekosea wapi?

KaziYaKaunta
Ndugu yangu, mimi ni mhudumu, ila si hapo kwenu. Muziki ukizimwa saa nne wateja wanahama, na mimi nalipwa kwa mauzo. Muuza mishikaki nje anategemea hao hao, bodaboda naye vilevile. Halafu kuna watu wananunua kiwanja bei chee kwa kuwa kipo jirani na baa, wakishahamia wanataka mji mzima ulale na kuku. Anayetaka kimya akajenge Mwandiga.

JiraniWaMwanga
Kiwanja bei chee? Nyumba hii baba aliijenga kwa mshahara wa reli, na hapo penye baa palikuwa na duka la chumvi na mafuta ya taa. Sisi tulikuwepo, baa ndiyo iliyohamia. Usinisemee mambo ya nyumba yetu kama uliyaona.

KaziYaKaunta
Sikukutaja wewe, nimesema "kuna watu". Ila kama limekugusa, basi.

MstaafuGungu
Vijana, mmeacha swali mnagombania kiwanja. Aliyetangulia hana ruhusa ya ziada, na aliyekuja jana hajapoteza haki ya kulala. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inagusa kelele, na kanuni za viwango vya kelele na mitetemo zilitoka 2015. Kelele inapimwa kwa desibeli, na kiwango cha usiku kwenye makazi ni cha chini kuliko cha mchana. Leseni ya vileo ni kibali cha kuuza, na kelele ina sheria yake. Ndiyo maana NEMC, chombo cha serikali cha mazingira, waliweza kufungia baa Dar kwa kelele tu, na leseni za vileo zipo ukutani. Hata Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kosa la kero kwa umma. Mwanangu wa Mwanga, acha kwenda kwa mdomo. Andika barua, weka tarehe na saa za kila usiku, majirani watie sahihi, nakala iende kwa afisa afya wa manispaa na NEMC. Mdomo hauachi faili.

KaziYaKaunta
Shikamoo mzee. Hapo kwenye desibeli nimekuelewa. Ila tuseme ukweli wa mji wetu: kelele zinapanda mbalamwezi ikiwaka. Wavuvi hawaendi ziwani kwa kuwa taa zao hazivuti dagaa, wana hela mfukoni, wanataka beesi ipande. Dijei akipunguza sauti wao ndio wa kwanza kupiga meza. Mwenye baa anafuata mteja.

MkeWaMvuvi_Kibirizi
Nilikuwa nasoma kimya ila hapa sinyamazi. Wavuvi ndio wamekuwa mzigo wa mji sasa? Mume wangu mbalamwezi ikiwaka anashona nyavu na kulala kama binadamu wengine. Giza likiingia yuko ziwani usiku kucha, anarudi alfajiri, nami naanika dagaa kwenye chanja. Analala saa tatu asubuhi. Saa nne linapita gari la matangazo, spika nne juu, linazunguka mpaka adhuhuri. Fundi wa mageti naye anakata vyuma dirishani kwetu. Lini mmefungua mjadala wa usingizi wake? Au haki ya kulala ni ya wenye kazi za ofisini?

BuzebazebaJuu
Dada usichukie, ila lina ukweli. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, mtaani kwetu baa zilipoa kabisa. Nililala vizuri miezi mitatu.

MkeWaMvuvi_Kibirizi
Wewe unakumbuka usingizi. Mimi nakumbuka chanja tupu na ada ya mtoto niliyoomba kwa dada yangu. Usinitajie tena hiyo miezi mitatu kama sikukuu.

BuzebazebaJuu
Ziwa lilifungwa ili samaki wazaliane, dada. Na baada ya kufunguliwa migebuka ilionekana.

MkeWaMvuvi_Kibirizi
Ilionekana sokoni kwa nani? Njoo mwaloni alfajiri uhesabu nami, usinihesabie ukiwa Buzebazeba.

KaziYaKaunta
Dada, kwa wavuvi nimekosea, nilipaswa kusema baadhi. Wateja wangu wengine ni watumishi wa mshahara, na tarehe za mwisho wa mwezi wana fujo kuliko mvuvi yeyote.

MstaafuGungu
Migebuka ina mjadala wake. Hapa tuulizane: spika zigeuzwe ndani na sauti ishuke saa ngapi?

JiraniWaMwanga
Mimi saa nne usiku siku za kazi, saa sita wikiendi. Mwanzo nilitaka muziki uzimwe kabisa, lakini huyu wa kaunta amesema analipwa kwa mauzo na nimemwelewa. Barua naiandika leo, mzee ataipitia. Natafuta sahihi za majirani na za yeyote anayesumbuliwa mtaani kwake.

MkeWaMvuvi_Kibirizi
Weka na mchana: gari la matangazo na fundi wa mageti. Bila hayo sahihi yangu huipati, na ya mume wangu pia. Tukiweka, nakuletea za wanawake wote wa chanja zetu.

JiraniWaMwanga
Naweka, dada. Mumeo anaamka saa ngapi nimletee asome mwenyewe?

MkeWaMvuvi_Kibirizi
Saa tisa alasiri. Usije na pikipiki.