Mama anapona kiharusi: bustani inamsaidia kweli au tunapoteza muda?

MtotoWaMwisho ameuliza:

Wadau, habari zenu. Naomba mawazo, hasa kutoka kwa waliowahi kuuguza mtu wa kiharusi.

Mama yangu alipigwa upande wa kulia. Mguu umerudi kwa kiasi, anatembea na mkongojo tukiwa karibu naye. Mkono ndio mzito. Vidole vinakunja kidogo, kuvifungua ni shughuli, na ganzi bado ipo. Maneno nayo yanamponyoka. Unaona kabisa anajua anachotaka kusema, ila neno haliji, na akikasirika ndiyo kwisha.

Mtaalamu wa viungo anakuja na kumwachia mazoezi ya kufanya mwenyewe: kubana sponji, kupanga vigingi, kuinua kikombe kitupu. Mama hafanyi. Ukimkumbusha anageukia ukutani. Lakini juzi nilikuwa napandikiza miche barazani, akajisogeza, akaketi, akaanza kuushindilia udongo kuzunguka mche kwa mkono ule ule unaokataa sponji. Hakuacha mpaka trei ikaisha. Kabla ya kuugua alikuwa mtu wa bustani hasa, wa kuamka na kwenda kutazama maua kabla hajanawa uso.

Kaka yangu amekuja juu. Anasema udongo una vijidudu, mama ataanguka, na bustani ni burudani tu. Muda huo angeutumia kwa mazoezi ya maana. Mimi si mtaalamu, nimekosa la kumjibu. Je, kuna ushahidi kwamba bustani humsaidia mgonjwa kupona? Na kama inasaidia, tufanyeje asiumie?

MikonoMiwili amejibu:

Pole sana kwa kuuguza, mdogo wangu, na mama apate afueni.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwafundisha upya wagonjwa wa kiharusi shughuli za kila siku: kuvaa, kula, kushika kalamu. Hicho ulichokiona barazani ndicho ninachokihangaikia kwa kila mgonjwa ninayempokea. Mkono umefanya kazi bila kuamrishwa. Tafadhali msikiache kipite.

Nianze na hoja ya kaka, maana ana haki ya kujibiwa vizuri. Seli za ubongo zilizokufa hazifufuki, ila sehemu nyingine za ubongo zinaweza kupokea kazi yake, mradi kiungo kitumike, na kitumike mara nyingi mno. Hapo kwenye "mara nyingi" ndipo tunapokwama. Mwaka 2009 Catherine Lang na wenzake walichapisha utafiti uliohesabu mazoezi yanayofanyika kweli ndani ya vipindi vya tiba ya kiharusi huko Marekani na Kanada. Katika vipindi vilivyohusu matumizi ya mkono, wastani ulikuwa marudio 32 tu. Wanyama wa maabara wanaofundishwa kutumia tena kiungo kilichoathirika hurudia mara mamia kwa siku. Sasa mwambie kaka akae pembeni ahesabu mama anapojaza vyungu vya trei moja: kila chungu kinataka kushikwa, kuchotewa, kumiminiwa, kushindiliwa na kusogezwa. Trei ikiisha, mkono umefanya kazi kuliko kikao kizima cha sponji, na hakuna aliyembembeleza.

Kwa hiyo simwambii mtu kwamba bustani inachukua nafasi ya mtaalamu wa viungo. Aendelee kuja. Mwonyesheni alichokifanya mama, naye apange mazoezi yake yaingie humo humo.

Kuhusu namna ya kuanza, mkono dhaifu upewe kwanza kazi ya kushikilia. Uzuie chungu kisitoke mezani wakati ule mzima unachota. Kazi hiyo inaonekana ndogo lakini mkono unapata uzito, unatazamwa, unahesabiwa kuwa mmoja wa wafanyakazi. Halafu kushindilia udongo kwa kiganja kilichofunguka, ambako kunavinyoosha vile vidole vinavyopenda kujikunja. Halafu kuchota kwa kikombe chepesi. Kubana mbegu kwa kidole gumba na cha shahada ni mbali zaidi, na kuna ngazi ndani yake: anza na mbegu kubwa za alizeti. Mbegu ndogo ndogo msimpe mapema, zitamvunja moyo. Chupa ya kumwagilia ijazwe robo, ikishazoeleka iongezwe.

La maneno nalo nilitazame kidogo, kwa sababu mmelitaja kwa kupita na mimi naliona zito. Kiharusi kikipiga upande wa kulia wa mwili, mara nyingi jeraha liko upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko lugha ilipo. Msimketishe mama na kumuuliza "hiki kinaitwaje?" kama mtoto wa chekechea. Fanyeni naye kazi, mseme kinachofanyika, kisha acheni nafasi. Useme "Sasa tunaweka…" na unyamaze, usiharakishe kulimalizia neno. Nimeona wagonjwa walioshindwa kutaja jina la mjukuu wao wakataja jina la ua lililokuwa mikononi. Haitokei kwa kila mtu, wala siahidi. Lakini neno lina njia nyingi za kufikiwa, na harufu ya jani lililofikichwa, uzito wake na umbo lake zote ni njia. Kama kuna mtaalamu wa tiba ya usemi, mpelekeni pia.

Sasa usalama, na hapa kaka ana hoja kweli:

Mkono wenye ganzi hauhisi mwiba, mkato wala joto. Avae glavu akigusa vitu vyenye ncha, na baada ya kazi mkague mkono wote, kati ya vidole na chini ya kucha. Hakikisheni chanjo ya pepopunda haijapitwa na muda, kwani bakteria wake wanaishi udongoni.

Kiti kiwe kizito, chenye mikono, kisichozunguka. Mpira wa maji usilale njiani. Kila kitu kiwe mezani mbele yake ili asiiname. Kuinama na kuinuka ghafla kwa mtu anayetumia dawa za shinikizo la damu ndiko kunakoleta kizunguzungu na kuanguka. Chagueni saa za ubaridi.

Msimvute kwa mkono dhaifu kumwinua, hata siku moja. Bega la upande uliopooza hutenguka kwa urahisi na maumivu yake hukaa muda mrefu.

Na mkatishe kazi kabla hajachoka. Uchovu wa baada ya kiharusi haufanani na uchovu wetu, unaweza kumlaza mtu siku nzima. Aondoke mezani akiwa bado anatamani kuendelea.

ZamuYaUsiku amejibu:

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, kwa hiyo sina la kuongeza kwenye kiharusi. Ila umeuliza ushahidi, na upo mmoja maarufu ambao kaka anaweza kuutafuta mwenyewe. Mwaka 1984, katika jarida la Science, Roger Ulrich alichapisha utafiti kutoka hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Alichukua kumbukumbu za wagonjwa waliotolewa mfuko wa nyongo kati ya 1972 na 1981. Vyumba vilifanana, tofauti ilikuwa dirisha: wengine waliona miti, wengine ukuta wa matofali. Akawapanga jozi 23, watu wanaokaribiana kwa umri, jinsia na mambo mengine. Walioona miti waliruhusiwa mapema kidogo, kama siku 8 kwa karibu siku 9, waliomba dawa kali za maumivu kwa uchache, na wauguzi waliandika malalamiko machache kwenye mafaili yao.

Ni watu 46 tu, hospitali moja, aina moja ya upasuaji, kwa hiyo tusiubebeshe mzigo usio wake. Lakini mimi kile kipengele cha maandishi ya wauguzi kinanigusa, kwa sababu ndicho ninachokiona. Mgonjwa anayetazama nje analalamika tofauti. Maumivu anayo, anayasema, kisha anakueleza na ndege aliyemwona. Yule wa kitanda cha ukutani anabaki na maumivu yake tu, hana kingine cha kusikiliza.

Na mwanga wa mchana hupanga usingizi. Wagonjwa wazee wanaokaa gizani mchana huchanganya usiku na mchana, na usiku wa namna hiyo ninaufahamu kwa undani. Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, alishaliandika jambo hili karne ya 19, kwamba baada ya hewa safi, kitu wanachokihitaji wagonjwa ni mwanga. Mtoeni mama nje asubuhi hata siku ambayo hana nguvu ya kushika kitu.

JaniBichi amejibu:

Dada, mimi sikupata kiharusi, nilipata sonona. Nakuandikia kwa sababu ya ule ukuta anaougeukia mama.

Watu wengi husahau kwamba sonona baada ya kiharusi ni jambo la kawaida sana, na inaweza kumzuia mgonjwa kufanya mazoezi. Mwelezeni daktari, msidhani ni ukaidi. Kwangu mimi dawa na mazungumzo na mtaalamu vilifanya kazi yake, na bustani ikafanya yake. Nilipokuwa chini kabisa kila mtu alikuwa ananihudumia. Wananiletea chai, wananishusha pazia, wananinong'onea. Wote waliniweka upande wa kupokea, na mtu akikaa upande huo muda mrefu anaanza kuamini hana cha kutoa. Mche haukunihurumia. Nisipoumwagilia, unanyauka. Nikiumwagilia, jioni umesimama. Huo ulikuwa uhusiano wa kwanza ambao mimi ndiye niliyehitajika.

Pia kuna sababu ya kichwa kutulia. Wanasaikolojia Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza kwamba umakini wa kujilazimisha huchoka, na kwamba vitu kama majani yanayotikisika au mawingu huvuta macho bila kulazimisha, hivyo umakini ule unapata kupumzika. Nami nimelihisi hilo mwilini kabla sijalisoma popote.

Kama kaka anapenda takwimu, kuna utafiti wa 2019 uliofanywa na Mathew White na wenzake kwa watu karibu 20,000 Uingereza. Waliotumia walau dakika 120 kwa wiki katika maeneo ya asili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema afya yao ni nzuri, na haikujali kama dakika hizo zilitumika kwa mkupuo au kidogo kidogo. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kutenganisha kama asili ndiyo iliyowapa afya au wenye afya ndio wanaotoka. Mwambie na hilo, asije akalitumia kukubana.

Mwangalizi77 amejibu:

Niongeze tahadhari moja kwa wengine watakaosoma mada hii wakiwa na mgonjwa wa aina nyingine. Mtu anayepata tiba ya kemikali ya saratani, aliyepandikizwa kiungo, au anayetumia dawa za kushusha kinga, asiguse udongo wala mboji kabla ya kuzungumza na daktari wake. Kuna kuvu na bakteria ambao kwa mtu mwenye kinga kamili ni vumbi tu, kwake ni nimonia. Bakteria aitwaye Legionella longbeachae anapatikana kwenye mboji na udongo wa mifuko, na huwapata hata wazee wasio na ugonjwa mwingine mkubwa. Kwa mama yenu: mfuko ufunguliwe mbali na uso, udongo uloweshwe kwanza usitimue vumbi, barakoa ivaliwe wakati wa kumimina, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa mdomo. Aliyekatazwa udongo bado ana dirisha, ana benchi chini ya mti kama daktari ameruhusu.

MtotoWaMwisho amejibu:

Nimesoma yote, na nimemsomea kaka kwa sauti. Lile la marudio 32 limemnyamazisha kidogo, akaomba kuona jinsi mama anavyofanya. La sonona limenishtua, nitamweleza daktari, kwa sababu kweli tulikuwa tunaita ukaidi.

MikonoMiwili, swali la mwisho. Kaka ameshakubali kutengeneza meza ya kupandia, ila anauliza urefu. Mama anakaa kwenye kiti cha kawaida, lakini siku mbaya tunatumia kiti cha magurudumu. Na vitu tuviweke upande gani?

MikonoMiwili amejibu:

Mwambie kaka aache uwazi wa sentimita 70 hivi kutoka sakafuni hadi chini ya ubao, ili magoti yaingie chini yake. Kina cha udongo kisizidi sana, sentimita 15 zinatosha miche, la sivyo uso wa meza utapanda hadi mabegani na mama atafanya kazi akiwa ameinua mikono. Kutoka ukingo alipokaa hadi mwisho wa meza kusipite sentimita 60. Kingo zipigwe msasa vizuri, kwa sababu ya ile ganzi.

Miche na vyungu vitupu viwe kulia kwake, udongo katikati, vilivyokamilika viende kushoto. Hivyo kila chungu kitamlazimisha ageuke, atazame na aguse upande aliouacha. Akiona ni kero siku za mwanzo, visogezwe katikati, kisha mvirudishe kulia taratibu kila wiki. Na kaka akimaliza meza, yeye ndiye akae naye kikao cha kwanza.