Mtoto anamkataa mama ambaye hakumzaa wakati wa kulala

Mami_wa_Usiku aliuliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri. Mimi na mwenzangu ni wanawake wawili tunaolea mtoto wetu wa kiume mwenye umri wa miaka miwili na miezi minne. Mwenzangu ndiye aliyembeba tumboni na kumnyonyesha, lakini nami nimekuwa naye tangu saa aliyozaliwa, na kitovu chake nilikikata mimi. Mchana hatuna shida yoyote, kwani tunacheza, namlisha na kumwogesha. Tangu alipoachishwa ziwa miezi miwili iliyopita, hata hivyo, kila ninapomlaza ananisukuma kwa miguu yote miwili akilia, "Si wewe! Mama!" Mimi ananiita Mami, kwa hiyo naelewa vizuri ni nani anayeitwa na ni nani anayefukuzwa. Juzi alilia mpaka akatapika kwenye shuka, nami nikamwita mwenzangu. Mtoto alinyamaza kabla hajashikwa, kwa kusikia tu nyayo zake mlangoni.

Ndugu mmoja wa ukoo aliposikia alinitupia methali: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Imenikaa kooni. Je, hii ni damu inayosema, au ni hatua itakayopita? Na je, niendelee kumlaza, au nimwachie mwenzangu, ambaye naye amechoka?

Mlezi_wa_Mapacha alijibu:

Dada, pole. Sitakujibu kwa methali nyingine ya kuzaa na kulea, kwa sababu itawaweka wewe na mwenzako kwenye mashindano ambayo mtoto hayajui. Anachokijua ni kwamba ziwa lililomlaza kila usiku limeondolewa, na sasa analifuata alipoliacha. Baba wengi waliomzaa mtoto kwa damu yao wenyewe hufukuzwa kitandani vivyo hivyo katika umri huu.

Kuhusu damu, watafiti Rudolph Schaffer na Peggy Emerson waliwafuatilia watoto wachanga 60 mjini Glasgow, Uskoti, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1964. Walikuta kwamba kufikia miezi 18 wengi walikuwa wameshikamana na zaidi ya mtu mmoja, na kwamba aliyependelewa hakuwa lazima yule anayelisha au anayeshinda naye muda mrefu zaidi, bali mara nyingi yule aliyeitikia upesi ishara zake. Hilo liko mikononi mwako.

Kwa vitendo, usianzie usiku, ambao ndio mlima mrefu kuliko yote. Anza na usingizi wa mchana, siku ambayo mwenzako ametoka nyumbani kweli, si kujificha chumba cha pili, maana mtoto wa miaka miwili husikia hata kikohozi. Mwenzako aage mbele yake, asitoroke. Akianza kulia, usibishane naye wala usimwambie kwamba hata wewe ni mama. Mwambie, "Unamtaka Mama. Mama ametoka, atarudi. Mami yupo hapa," kisha ukae karibu naye bila kumlazimisha kukumbatiwa. Kulia akiwa na mtu anayempenda si sawa na kulia peke yake, ingawa kufikia kutapika ni kupita kiasi, na hapo ulifanya vyema kuita msaada.

Niliyezaa alijibu:

Nakubaliana na Mlezi_wa_Mapacha hapo juu, ila nazungumza kutoka upande wa pili wa kitanda, kwani kwetu mimi ndiye niliyezaa. Naona aibu kuandika haya, lakini kilio cha binti yetu cha kuniita kilinipa raha fulani iliyofichika ndani ya uchovu. Nilikuwa nakimbilia chumbani kabla mke wangu hajapata hata nafasi ya kujaribu, nikijiita msaidizi, kumbe nilikuwa namfundisha binti yetu kwamba mikono ya mama yake mwingine haitoshi. Ikabidi tukubaliane kwamba nisiingie mpaka niitwe na mke wangu mwenyewe, si na mtoto. Usiku wa kwanza nilikaa nje kwenye ngazi, nimejifunika masikio kwa mto.

Muulize mwenzako, kwa upole, kama naye anasikia hivyo. Binti yetu alipofika miaka mitatu na nusu aligeuka: mimi ndiye niliyeambiwa niondoke chumbani. Niliumia vilevile, na uchungu wa uzazi haukunipa upendeleo wowote.

Karatasi_Kwanza alijibu:

Nadhani kinachomsumbua dada si kilio peke yake. Katika nchi nyingi mama ambaye hakuzaa si mzazi kisheria mpaka amwasili mtoto, yaani amchukue rasmi kuwa mwanawe, na kwingine hata mlango huo umefungwa, ndiyo maana neno moja la jamaa linachoma hivi. Mwaka 2002 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kiliunga mkono uasili wa aina hiyo, kikisema mtoto anastahili usalama wa wazazi wote wawili. Kama sheria ya mahali mlipo inaruhusu, fanyeni. Na jamaa wakikuita "mama mdogo" mbele ya mtoto, warekebisheni papo hapo. Mama mdogo ni mdogo wa kike wa mama, nawe si mdogo wake wala mgeni.

Mami_wa_Usiku alijibu:

Asanteni sana. Nilimsomea mwenzangu jibu la Niliyezaa, akanyamaza kitambo, kisha akacheka na kusema, "Ni mimi huyo." Leo mchana alitoka. Mtoto alilia kwa dakika 20 akiwa amenipa mgongo, halafu bila kugeuka akarudisha mkono nyuma, akaushika ukosi wa shati langu, na akalala akiwa ameushikilia.