Bima ya mbwa "ya maisha yote" inayokataa homa ya kupe: sisi wa Kanda ya Ziwa mnatuuzia nini?

Wakuu,

Kama uko Mwanza, Geita, Simiyu, Mara au Kagera na kuna wakala wa bima amekufuata na karatasi yenye picha ya mbwa, akakwambia mbwa wako atahudumiwa mpaka siku anakufa, usimpe hata mia kabla hujaumaliza uzi huu. Nina stakabadhi za malipo, nina kadi ya chanjo iliyojazwa vizuri, nina barua ya kunyimwa fidia, na nina hasira.

Mbwa mwenyewe ni German Shepherd dume, anaitwa Tomi. Analinda uwanja wetu wa kuanikia dagaa kule Igombe. Anayeijua kazi ya dagaa anaelewa: usiku mmoja bila mbwa, magunia yanaondoka na chanja zinaondoka nayo. Kwa hiyo wakala alipokuja na bima ya mbwa iliyopachikwa kwenye bima ya mifugo, nilimsikiliza kwa makini, nikamuuliza waziwazi: akipata ugonjwa usioisha, mwaka unaofuata mtaendelea kulipa? Akajibu ndiyo, mradi nisikatize malipo. Nikaomba hati yenyewe niisome. Nikaambiwa hati inatolewa na mfumo ukishalipa. Nikalipa, ikaja kwa WhatsApp, kurasa kwa kurasa za Kiingereza cha wanasheria.

Mwaka wa kwanza haujaisha, Tomi akaugua. Homa, hali chakula, ufizi umepauka, halafu damu ikaanza kumtoka puani. Daktari wa mifugo akachukua damu, majibu yakaja: Ehrlichia, mojawapo ya yale tunayoyaita kwa jumla homa ya kupe. Akaandikiwa doxycycline ya wiki nne, akamaliza dozi, akanyanyuka. Kampuni ikalipa sehemu ya gharama. Bima ilipokaribia kuisha nikaihuisha mapema, haikukatika hata siku moja. Baada ya muda ugonjwa ukarudi. Nikapeleka madai pamoja na majibu ya maabara. Ndipo barua ikaja: ugonjwa huu ulikuwepo kabla ya mkataba mpya kuanza, kwa hiyo haulipwi, na tangu bima ilipohuishwa magonjwa yote yanayoenezwa na kupe, viroboto na mbung'o yameondolewa kwenye bima.

Someni tena hapo. Ugonjwa uliompata mbwa akiwa ndani ya bima yao, wakaulipia wao wenyewe, faili lake liko mezani kwao, leo wanauita ugonjwa nilioingia nao. Hela yangu ya mwaka wa pili wameipokea bila kusema neno. Mstari wa kuondoa kupe nimekuja kuuona nilipodai.

Na huo mstari mmoja umeifuta bima nzima, nitaeleza kwa nini. Kupe wa mbwa, yule wa kahawia, hahitaji pori. Anaishi kwenye nyufa za banda, ukutani, chini ya mbao, anazaliana humohumo nyumbani. Ndiye anayebeba Ehrlichia, na ndiye anayehusika pia na Babesia, ile inayovunja chembe nyekundu za damu mpaka mkojo unakuwa kama chai ya rangi. Ehrlichia ina tabia mbaya zaidi. Baada ya homa ya kwanza inaweza kutulia, mbwa akaonekana mzima kwa miezi, hata miaka, kumbe vijidudu vya ugonjwa vimejificha kwenye wengu na uboho wa mifupa. Kinga ikishuka, unaibuka ugonjwa sugu: damu haigandi, mbwa anakonda, anatokwa damu puani. German Shepherd ni miongoni mwa aina zinazoumizwa zaidi na ugonjwa huu, na vitabu vya udaktari wa wanyama vimeliandika hilo miaka mingi. Ukienda upande wa mapori ya Chato na Biharamulo unamwongeza mbung'o na trypanosoma zake, vimelea vya nagana na malale, ambazo kwa mbwa humfanya jicho lifunikwe na ukungu mweupe. Sasa ukiniuzia bima ya mbwa huku ukaondoa kupe na mbung'o, umemuuzia mvuvi bima ya mtumbwi inayolipa ajali zote isipokuwa za majini.

Halafu someni wanachokubali kulipa. Mazoezi ya tiba ndani ya bwawa la maji. Tiba ya sindano za Kichina. Ushauri wa mtaalamu wa tabia za mbwa. Fidia ya likizo uliyoahirisha kwa sababu mbwa anafanyiwa upasuaji. Matangazo ya kumtafuta mbwa aliyepotea. Nimezungumza na madaktari wa mifugo wawili wa hapa mjini, hakuna aliyewahi kuwa na mteja wa kumpeleka kwenye hayo mabwawa. Hati imenyofolewa nchi nyingine, ikabandikwa nembo, ikaletwa Kirumba na Buswelu kutafuta hela. Aliyeiandika hajawahi kung'oa kupe kwenye sikio la mbwa.

Dada yangu anaishi Leicester, Uingereza, ana Labrador mwenye kisukari. Nilimwomba anitumie hati yake nilinganishe mstari kwa mstari, na hapo ndipo hasira ilipozidi, maana nikaona kitu halisi kinavyotakiwa kuwa.

Wenzetu kule bima ya mbwa wameigawa mafungu manne. Chukua mfano wa hesabu: mbwa ana kisukari, dawa na vipimo vinakula pauni 1,500 kwa mwaka, na ukomo wa bima, yaani kiasi cha juu wanachoweza kulipa, ni pauni 3,000. Bima ya ajali peke yake haimpi kitu, kisukari si ajali. Bima ya muda inalipa miezi 12 tangu ugonjwa uonekane, ikipita hapo unajitegemea hata kama ile 3,000 haijaisha. Bima ya ukomo kwa kila ugonjwa haina miezi, inalipa mpaka 3,000 imalizike, yaani miaka miwili, kisha kisukari hakilipwi tena mpaka mbwa anakufa. Ya nne ndiyo ya maisha yote: kila ukihuisha bila kukatiza, 3,000 inajaa upya na kisukari kilekile kinaendelea kulipwa. Mbwa wa kisukari anadungwa insulini kila siku ya maisha yake. Hilo fungu la nne ndilo linalomfaa, mengine yote yanamwacha njiani.

Sasa pimeni mkataba wangu. Tomi aliugua tena ndani ya miezi 12 tangu mara ya kwanza. Hata lile fungu la pili, la muda, lingelipa! Mimi nimelipishwa kwa jina la fungu la nne nikapewa kitu kilicho chini ya la pili.

Msidhani ya dada ni peponi. Ada yake inapanda kila mwaka kadiri mbwa anavyozeeka, na juu yake kuna kodi ya bima ya asilimia 12. Hawezi kuhama, kwa sababu kampuni mpya itakiita kisukari ugonjwa wa zamani na itakikataa. Kampuni nyingi zikiona mbwa amefika miaka minane hivi zinamtaka mwenye mbwa achangie asilimia fulani ya kila bili, juu ya kile kiasi cha kwanza anachojilipia. Kuna na mtego wa viungo viwili: goti la kushoto likiwahi kuugua kabla ya bima, la kulia nalo wanalihesabu kuwa lilishaugua. Nyonga vivyo hivyo, na German Shepherd ni aina inayosumbuliwa sana na nyonga. Pia kuna bima za maisha yote zinazoweka ukomo mmoja kwa magonjwa yote ya mwaka, na nyingine zinazoweka ukomo kwa kila ugonjwa peke yake. Mbili hizo zinaweza kuwa na ada inayokaribiana, lakini mbwa mwenye magonjwa mawili kwa pamoja atakuonyesha tofauti. Haya yote dada aliyasoma kabla ya kulipa, kwa lugha anayoielewa, na kampuni ikimzungusha anakwenda kwa msuluhishi wa migogoro ya fedha bila kulipia chochote. Mimi nimeambiwa nipige simu makao makuu Dar, na simu haipokelewi.

Kuna jambo la ulinzi, na hili naomba wenye maduka, yadi na mashamba mlisome vizuri. Hati yangu ina kipengele cha kulipa mtu aliyeng'atwa na mbwa. Kizuri, kwa sababu mtu akiumwa na mbwa lazima aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, akimbie hospitali aanze chanjo ya kichaa, na anayebanwa kulipa ni mwenye mbwa. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu ni kifo, hapo hakuna mjadala. Lakini kurasa za mbele kuna sentensi inayosema kipengele hicho hakimhusu mbwa anayetumika kulinda biashara. Wakala alikuja Igombe mwenyewe. Akampiga picha Tomi akiwa amesimama katikati ya chanja za dagaa. Kwenye fomu akajaza kwa mkono wake: kazi ya mbwa, ulinzi. Akaenda na hela yangu akijua kipengele hicho hakinihusu.

Na rufaa. Kwa upasuaji mkubwa wanataka barua ya hospitali ya wanyama ya rufaa. Hospitali ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ipo Morogoro, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa. Usafiri wa mbwa mgonjwa hawalipi. Daktari wa Mwanza aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, anayemjua mbwa tangu akiwa mtoto, maoni yake wanayaita ya awali. Maabara ya TVLA, ile ya serikali ya kupima magonjwa ya wanyama, ipo hapahapa mjini. Kwa nini majibu ya hapa yasitoshe?

Najua watakuja wa kusema mbwa ni mbwa tu, acha afe utafute mwingine. Ndugu zangu, mbwa huyu ameamka usiku ngapi mimi nikiwa nimelala? Amemzuia mwizi mwenye panga akabaki na kovu begani. Nimempenda, ndiyo, na sioni aibu kusema. Na hata usiyempenda mbwa, umeuziwa mkataba, umelipa, na mkataba una deni kwako.

Wa pili watasema bidhaa ni mpya, tuwape muda. Uswidi walianza kukatia mbwa bima mwaka 1924, Uingereza 1947. Makosa yote ya biashara hii yameshafanywa na yameshaandikwa. Aliyenakili ukurasa wa mabwawa ya mazoezi alishindwa nini kunakili ukurasa wa ukomo unaojaa upya kila mwaka?

Kwa hiyo ukiletewa hiyo karatasi, usianze na bei. Mimi nililinganisha bei kwa kampuni mbili na hazikunisaidia chochote. Anza na kupe: waandike kwa maandishi kwamba homa za kupe zinalipwa, na zitaendelea kulipwa baada ya kuhuisha hata kama mbwa alishaugua. Wakikataa hapo, mazungumzo yameisha, hata wakikupa bure. Kisha uliza ukomo unajaa upya au ukiisha umeisha, ni kwa kila ugonjwa au kwa mwaka mzima. Uliza siku za kusubiri baada ya kulipa. Kwa magonjwa kampuni nyingi za nje huweka 14, na Ehrlichia yenyewe huchukua wiki moja hadi tatu tangu kupe aume mpaka homa ianze, kwa hiyo mbwa aliyeumwa na kupe leo anaweza kuangukia katikati ya mvutano wa tarehe. Hakikisha mbwa wa ulinzi anahesabika. Na uipate hati kamili mkononi kabla ya kutoa hela, kwa Kiswahili. Mtu wa Igombe anaongea Kiswahili na Kisukuma, anauza dagaa kwa Kiswahili, analipa kwa simu kwa Kiswahili, basi na masharti ya kumnyima fidia ayasome kwa Kiswahili.

NYONGEZA: Wadau wengi mmeniuliza kampuni gani. Sitaji jina kwa sasa kwa sababu lalamiko limeshaandikwa na sitaki kulivuruga. Nimewapelekea wao kwanza kwa maandishi, nimebaki na nakala yenye mhuri wao wa kupokea. Wakikaa kimya napeleka TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, ofisi ya Kanda ya Ziwa ipo Mwanza, na baada ya hapo kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na Sheria ya Bima ya 2009.

Mdau mmoja amesema jirani yake Nyakato amepata barua yenye maneno yaleyale, mbwa wake ni Boerboel, ugonjwa ni Babesia. Mwambieni huyo jirani anitafute. Na mwingine yeyote mwenye barua ya aina hiyo, weka picha yake hapa ukiwa umefuta jina na namba ya simu, acha tarehe ya kuanza bima, tarehe ya ugonjwa na tarehe ya kuhuisha zionekane. Hizo tarehe tatu ndizo ninazozihitaji. Nataka zipelekwe zote kwa pamoja, bahasha moja.

Tomi yupo kwenye dawa, gharama natoa mfukoni. Wiki hii ameanza kula.