Naombeni ushauri: video ya harusi ya wazazi (VHS ya 1996), nataka iwe HD

Kijana wa Ngamiani:
Wakuu, habari za jioni. Nina DVD ya harusi ya wazazi wangu, Tanga 1996. Mwanzo ilikuwa kanda ya VHS, studio ikaihamisha. Mzee ametangulia mbele za haki, na mwezi ujao ukoo unakutana. Natamani bi mkubwa amwone mumewe vizuri kwenye TV kubwa. Nimeikuza kwa programu ya bure: watu wakitulia inapendeza, ngoma ikianza kila mkono unatoa meno pembeni kama kitana. Fundi mmoja anasema ataisafisha kwa akili bandia. Nimpe kazi?

Fundi Deki:
Pole kwa msiba, mkuu. Meno hayo yamo kwenye video yenyewe. Kanda zetu ni za mfumo wa PAL: kila sekunde ina nusu-picha 50, moja inabeba mistari ya witiri, inayofuata ya shufwa. Kati ya nusu hii na ile mkono umeshasogea, ukizibana ziwe fremu (picha kamili) 25 ndipo meno yanapotokea. Ukikuza kwanza, unayakuza na yenyewe. Anza kuyaondoa. Kwenye HandBrake (programu ya bure ya kubadilisha video) fungua sehemu ya vichujio, chagua Bwdif (kichujio cha kuondoa meno), halafu Bob (kila nusu-picha inakuwa fremu yake). Utapata fremu 50 kwa sekunde na ngoma itatiririka. Ukuzaji ufuate baada ya hapo: pikseli (nukta za picha) 1440 kwa 1080, umbo lile lile la TV za zamani. Usiivute ijaze TV nzima, akina mama wote watanenepa.

Mama Uhariri:
Nakubaliana na Fundi. Kuhusu akili bandia, kuwa makini sana. DVD yako ina pikseli 720 kwa 576, HD ni 1920 kwa 1080, yaani mara tano. Zinazoongezeka zote programu inazikisia. Ikikisia ukuta au majani ya mnazi hakuna anayeumia. Tatizo ni sura. Mtu aliyekaa meza ya nyuma, uso wake wote ni vipikseli vichache, basi programu inamwekea macho na mdomo wa mtu mwingine kabisa. Mama yako atakuwa anamtafuta mumewe kwenye sura hiyo hiyo! Mwambie fundi akutengenezee dakika moja tu, mzee akiwa karibu na akiwa mbali, uitazame kabla hujalipa. Kanda yenyewe bado ipo? Studio nyingi zilibana saa nyingi kwenye DVD moja, ndiyo maana picha ina vijisanduku. Ukiihamisha upya kwa deki nzima, utapata zaidi ya kitakachotolewa na programu yoyote.

Kijana wa Ngamiani:
Asanteni sana. Kanda iko kwa shangazi Pangani. Kanitumia picha, kwenye kidirisha cha kanda naona kama unga mweupe juu ya utepe.

Fundi Deki:
Huo ni ukungu wa unyevu. Tafadhali shangazi asiijaribu kwenye deki! Utachafua vichwa vya kusomea, na utepe ulioshikana unaweza kukatika. Ikae wima, mahali pakavu, mpaka apatikane mtu anayesafisha kanda. Kwa mkutano tumia DVD. Nakili folda nzima ya VIDEO_TS (ndimo video ya DVD inamokaa) kwenye diski mbili kwanza, kisha fanyia kazi nakala.

Kijana wa Ngamiani:
Nimejaribu Bwdif na Bob kwenye kipande cha ngoma, meno yote yameondoka. Shangazi nimeshampigia.