Ushauri jamani: CH₂ ni tripleti, mbona zao lake la namna moja?

BintiWete: Asalaam aleikum. Mimi Mpemba, nasoma mwaka wa pili hapa Unguja. Mtihani wa kemia ogania ni wiki ijayo na kabeni (molekuli kama CH₂, ambazo kaboni yake ina vifungo viwili tu na elektroni mbili zisizofungwa) zinaninyima usingizi. Kitabu kinasema CH₂ imetulia zaidi ikiwa tripleti (elektroni hizo mbili zina spini sawa) kuliko singleti (spini zinapingana), kwa kilojuli 38 hivi kwa moli, na tripleti huleta mchanganyiko wa pete, nyingine methili upande mmoja, nyingine pande tofauti. Lakini kwenye zoezi CH₂ ilitokana na diazomethani iliyopigwa mwanga ndani ya buteni-2 kimiminika, methili (CH₃) zote upande mmoja, na jibu ni pete ya aina moja tu, methili upande mmoja! Nimekosa alama zote. Nimeteleza wapi?

Mkarafuu: Waaleikum salaam mdogo wangu. Umechanganya utulivu na kasi. CH₂ hiyo huzaliwa singleti, na kwa kuwa imezungukwa na alkeni (hiyo buteni) kila upande, humenyuka kabla haijashuka kuwa tripleti. Ingekuwa gesi, na naitrojeni tele ya kuipunguzia nishati, ungeona mchanganyiko.

Chukua ndimu mbili, ziunge kwa chelewa mbili. Hicho ndicho kifungo maradufu cha buteni, ndimu ni kaboni zake. Kila ndimu ichomeke karafuu mbichi, ndiyo methili, zote upande mmoja. Zungusha: hazizunguki. Sasa chomoa chelewa moja. Unaona? Tripleti hufunga kifungo kimoja kwanza, cha pili husubiri elektroni igeuze spini, na katika kungoja huko ndimu huzunguka. Singleti hufunga vyote viwili kwa mpigo, karafuu zinabaki zilipo.

Fundi_Chake: Naongeza. CCl₂, ile ya kloroformu na besi kali, hata ikitulia ni singleti, maana klorini huichangia elektroni ile obitali (nafasi ya elektroni) tupu ya kaboni. Naitrojeni huchangia zaidi ya hapo: mwaka 1991 Arduengo na wenzake walipata kabeni yenye naitrojeni mbili ikiwa fuwele, ya kuwekwa chupani mradi hewa na unyevu visiingie. Mimi hili bado linanisisimua. Wazo la kutambua singleti kwa umbo la zao ni la Skell na Woodworth, 1956.

BintiWete: Nimefanya kwa ndimu sasa hivi, shangazi kanipa karafuu. Nimeona kwa macho yangu! Basi CCl₂ na buteni ileile: pete moja, methili upande mmoja?

Mkarafuu: Ndiyo. Ila andika na sababu, alama nyingi ziko hapo.